Benki ikiyumba huokolewa, mkulima wa Mgeta akiyumba je?

Kila bei ya mazao inapoporomoka, au Benki Kuu inapotangaza kuichukua benki fulani iliyoelemewa, ujumbe kutoka kwa wasikilizaji wetu huongezeka. Wengi huuliza jambo moja kwa maneno tofauti: serikali inapata wapi fedha za kuwaokoa wakubwa, na kwa nini fedha hizo hazimfikii yule anayelipa kodi kila anaponunua sabuni, vocha au lita ya mafuta ya taa?

Swali hili si la Morogoro peke yake. Mwaka 2008 liliulizwa Marekani, pale benki kubwa ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilipofilisika tarehe 15 Septemba, na wiki tatu hazijapita Bunge la nchi hiyo likaidhinisha dola bilioni 700 za kuyanusuru mabenki na taasisi za fedha. Benki nyingi zilisimama tena na kurudisha fedha zile. Lakini mamilioni ya familia zilizokuwa na mikopo ya nyumba zilitolewa nje, huku kampuni ya bima ya AIG, iliyokuwa imebebwa na fedha za umma, ikiwalipa baadhi ya watumishi wake marupurupu ya mamilioni ya dola. Hasira ya wananchi ilianzia hapo.

Kwetu Tanzania historia ni tofauti kidogo, na ina mafunzo yake. Katika makala haya tunaangalia ni nani aliyeokolewa hapa nchini, kwa fedha za nani, na kama kuna njia bora zaidi.

Kwa nini benki hukimbiliwa kwanza

Tuanze na utetezi wa upande wa pili, maana upo na una uzito.

Benki haihifadhi fedha zako kwenye sanduku lenye jina lako. Mshahara wa mwalimu wa Matombo, mauzo ya mfanyabiashara wa Soko Kuu la Chifu Kingalu na akiba ya kikundi cha akina mama wa Kiroka vyote huingia chungu kimoja. Sehemu ndogo hubaki kwa ajili ya wanaokuja kutoa, sehemu nyingine huwekwa Benki Kuu kwa mujibu wa sheria, na sehemu kubwa hukopeshwa. Mfumo huu hufanya kazi vizuri mradi wote hatuendi dirishani siku moja. Uvumi ukienea kwamba benki fulani haina fedha, kila mtu hukimbia kuchukua chake, na hata benki iliyokuwa na afya huweza kuanguka. Ikianguka moja, wateja wa benki ya jirani nao huanza kutia shaka.

Kwa hiyo serikali inapoiokoa benki, kwa maelezo yake haimwokoi mwenye benki. Inamwokoa mwalimu wa Matombo. Tatizo ni kwamba mara nyingi wote wawili huokolewa pamoja, na mwenye benki ndiye hutoka na nafuu kubwa zaidi.

Miaka ya 90: uokoaji mkubwa tuliousahau

Watu wengi hudhani Tanzania haijawahi kuokoa benki kwa kiwango kikubwa. Imewahi. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ilikuwa ndiyo benki ya nchi kwa miongo miwili tangu Azimio la Arusha. Ilibeba sehemu kubwa ya amana zote, na iliyakopesha mashirika ya umma, viwanda na vyama vya ushirika, mara nyingi kwa maelekezo kuliko kwa hesabu. Mashirika hayo yaliposhindwa kulipa, benki ikabaki na vitabu vilivyojaa madeni yasiyolipika.

Sisi wa Morogoro hatuhitaji kusimuliwa sana kuhusu mashirika hayo. Mji huu ulipangwa uwe mji wa viwanda: viatu, turubai, nguo, ngozi. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza nyingi kati ya hizo Ulaya. Hakikuwahi kukaribia kiwango hicho, na kufikia mwaka 1990 uzalishaji ulikuwa umesimama. Hadi leo kisa chake husimuliwa kwenye vitabu vya uchumi kama mfano wa mradi ulioshindwa. Ajira zilikwenda, deni likabaki kwa taifa.

Mwaka 1991 ikatungwa sheria mpya ya mabenki, na kikaundwa chombo maalumu, LART, cha kuyapokea madeni mabovu kutoka katika benki za serikali na kujaribu kuyakusanya. Serikali ikajaza pengo kwa hati fungani zake, yaani kwa ahadi ya kodi za baadaye. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa. Sehemu moja ikabaki NBC, na asilimia 70 ya hisa zake zikauzwa mwaka 2000 kwa Absa ya Afrika Kusini kwa shilingi bilioni 15. Sehemu nyingine ikawa benki ya NMB, ambayo mwaka 2005 asilimia 49 ya hisa zake zilichukuliwa na muungano ulioongozwa na Rabobank ya Uholanzi, na mwaka 2008 ikaorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam.

Hapa kuna somo lenye pande mbili. Serikali ilibakiza karibu theluthi moja ya hisa za NMB, na benki hiyo leo hutengeneza faida ya mamia ya mabilioni kwa mwaka na kutoa gawio kwa Hazina. Mlipa kodi alibeba mzigo, lakini kwa kuwa alibaki na hisa, anaendelea kuvuna. Upande wa pili ni wa wafanyakazi waliopunguzwa, matawi yaliyofungwa wilayani, na wale wa viwandani ambao hakuna chombo kilichoundwa kununua madeni yao ya karo na kodi ya nyumba.

2009: trilioni 1.7 na wakulima wa pamba

Tarehe 10 Juni 2009, akiwa Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya shilingi trilioni 1.7. Benki zetu hazikuwa zimeumia kama za Marekani, kwa sababu hazikuwa zimejiingiza sana kwenye biashara zile za mikopo ya nyumba. Kilichoumia ni bei. Pamba na kahawa zilishuka thamani kwenye soko la dunia, na wanunuzi waliokuwa wamewalipa wakulima bei ya msimu wakajikuta wanauza kwa hasara, huku mikopo yao benki ikisubiri.

Sehemu ya mpango huo, zaidi ya shilingi bilioni 20, ilikuwa ya kufidia hasara ya vyama vya ushirika na kampuni zilizonunua mazao hayo msimu wa 2008/09. Serikali pia ilidhamini mikopo yao ili ipangiwe upya muda wa kulipwa. Hoja ilikuwa na mantiki: mnunuzi akifilisika, msimu unaofuata mkulima hana wa kumuuzia.

Lakini tazama njia ambayo fedha ilipita. Ilitoka Hazina, ikaenda kwa mnunuzi, na kutoka kwa mnunuzi ikarudi benki. Mkulima alitajwa katika kila sentensi ya mpango ule, ila yeye alikuwa mwisho wa foleni, akisubiri faida ya kudokezewa. Na kwa miaka kadhaa baadaye wabunge waliendelea kudai maelezo ya nani hasa alinufaika. Fedha ya umma ambayo majina ya waliopokea hayabandikwi ukutani huzaa maswali, hata kama ilitumika vizuri.

2018: serikali ilipokataa kuokoa

Sasa tuje kwenye tukio linaloipindua hoja yetu. Wapo wanaosema dawa ni rahisi: benki ikifilisika, iache ife. Tanzania ilijaribu.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia benki tano kwa mpigo kwa kukosa mtaji wa kutosha: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Miezi michache kabla, Mei 2017, Benki ya Wananchi Mbinga nayo ilikuwa imefungwa. Msimamo wa serikali ya awamu ya tano ulikuwa wazi: benki isiyojiweza isitarajie kubebwa kwa kodi.

Kwa masikio ya mlipa kodi, hilo ni jambo jema. Lakini soma tena majina. Njombe, Kagera, Meru, Mbinga. Hizi hazikuwa benki za matajiri. Nyingi zilianzishwa kwa michango ya wakulima wa kahawa na chai, walimu, wafanyabiashara wadogo na vyama vya msingi, watu waliokuwa wamechoka kukataliwa na benki kubwa.

Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilimlipa mteja hadi shilingi milioni 1.5. Mwenye laki tano alipata zote. Aliyekuwa ameuza kahawa ya msimu na kuweka milioni sita alipata moja na nusu, na iliyobaki ikasubiri mali za benki zikusanywe na kuuzwa, safari ambayo huchukua miaka na haina uhakika wa kufika.

Linganisha na yaliyotokea mwaka huo huo kwingine. Twiga Bancorp, benki ya serikali iliyokuwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu tangu Oktoba 2016, haikufungwa. Iliunganishwa na Benki ya Posta. Benki ya Wanawake nayo ikafuata njia hiyo. Na Bank M, iliyokuwa na wateja wakubwa wa kibiashara, ilichukuliwa na Benki Kuu Agosti 2018, kisha mwanzoni mwa 2019 ikaamuliwa mali na madeni yake yahamie Benki ya Azania.

Ziko sababu za kitaalamu za tofauti hizo. Benki kubwa ikifungwa ghafla hutikisa nyingine, benki ndogo ya mkoani haitikisi mtu nje ya mkoa wake. Lakini sababu hiyo hiyo ndiyo inayouma. Maana yake ni kwamba mtu huokolewa kwa kadiri anguko lake litakavyowasumbua wengine. Mkulima wa Mbinga hamsumbui mtu.

Kwa hiyo kuacha benki ife si lazima iwe ushindi wa mlipa kodi. Wakati mwingine anayezikwa na benki ni mlipa kodi mwenyewe.

Trilioni moja iliyopanda mlima ikaishia njiani

Mwaka 2021, uchumi ukiwa umedhoofishwa na UVIKO-19, ilijaribiwa njia ya kati. Mwezi Julai Benki Kuu ilitangaza dirisha maalumu la shilingi trilioni 1. Benki zingekopa kutoka humo kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti la kukopesha sekta binafsi, na hasa kilimo, kwa riba isiyozidi asilimia 10. Ukumbuke riba ya kawaida ya mikopo ya benki wakati huo ilikuwa ikizunguka asilimia 16 hadi 17.

Wiki hizo hizo wananchi walianza kukatwa tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kabla haijapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba baada ya malalamiko. Mtu anayetuma elfu ishirini kwa mama yake kijijini aliona mkato siku hiyo hiyo. Kuiona asilimia 10 ya riba kulihitaji safari ndefu zaidi.

Haki isemwe: tangu hapo mikopo ya kilimo nchini imekua kwa kasi, na riba ya tarakimu moja kwa wakulima si ndoto tena kwenye vipeperushi vya benki. Lakini panda nayo Uluguru uone.

Mkulima wa Nyandira analima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta. Wa Kinole ana ndizi, nanasi na viungo. Wa Matombo amepanda karafuu na anasubiri miaka kadhaa ivunwe. Shamba lake ni vipande viwili vitatu, kimoja bondeni na kingine ubavuni mwa mlima. Na ardhi hiyo, kwa utaratibu wa Waluguru, asili yake ni ya ukoo, hurithiwa upande wa mama. Yeye ana haki ya kulima, na mara nyingi haki ya kuwarithisha watoto wa dada yake, lakini hana karatasi ya kuweka juu ya meza ya afisa mikopo. Hata akiwa nayo, wajomba watauliza ni nani aliyempa ruhusa ya kuweka rehani ardhi ya ukoo.

Benki haina uovu hapa. Inaangalia dhamana, inaangalia gharama ya kumfuatilia mteja wa laki nane anayeishi mahali ambapo barabara hukatika masika, na inachagua kumkopesha mwenye ekari mia tano bondeni. Fedha ya nafuu inapopita kwenye mlango wa benki, hufuata sheria za mlango huo. Anayebaki nje huishia kwenye mikopo kausha damu, ambako riba huhesabiwa kwa mwezi au hata kwa wiki na dhamana ni kadi ya benki, simu au kitanda.

Basi fedha apewe mwananchi mkononi?

Wengi wangejibu ndiyo, na wasikilizaji wetu wamelisema hilo mara nyingi. Nalo limejaribiwa.

Mwaka 2006 yalikuja yale yaliyoitwa mabilioni ya JK, shilingi bilioni 1 kwa kila mkoa kwa ajili ya wajasiriamali. Fedha zilikuwa chache kuliko mikono iliyonyooshwa, na malalamiko kwamba waliopata ni wenye kujuana yalisikika karibu kila mkoa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni wazo zuri, lakini Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kuwa mikopo hiyo inasitishwa, baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikianza kwa majaribio kupitia benki.

Kwa upande mwingine, TASAF imekuwa ikizifikia kaya maskini zaidi ya milioni moja kwa ruzuku ndogo ndogo, na tofauti yake na mifano iliyotangulia inaonekana: majina hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu wanaojuana. Ruzuku ya mbolea ya 2022 nayo ilipeleka nafuu kwa mkulima aliyesajiliwa kwa jina na namba. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea uliokuwa umepita laki moja na elfu ishirini ukauzwa kwa elfu sabini. Kulikuwa na foleni na usumbufu, hasa kwa wanaoishi mbali na wakala, lakini mkulima alijua haki yake ni kiasi gani na aliweza kuidai.

Mkopo wa IMF wa mwaka 2021, zaidi ya shilingi trilioni 1.3, ulikwenda njia nyingine kabisa: madarasa 15,000, maji, vifaa vya hospitali. Hakuna aliyepewa fedha mkononi, hakuna benki iliyobebwa, lakini mzazi hakuchangishwa darasa lile.

Mambo manne ya kudai

Kutokana na mifano hii, naona mjadala wa "benki au mwananchi" unatupotosha kidogo. Swali lenye faida ni: fedha ya umma inapotoka kwa haraka wakati wa shida, imefungwa kwa masharti gani?

Kwanza, aokolewe mwenye amana kabla ya mwenye hisa. Mwaka 2023 kiwango cha bima ya amana kilipandishwa kutoka milioni 1.5 hadi milioni 7.5. Hiyo ni hatua kubwa, na fedha zake hutoka kwenye michango ya benki zenyewe. Kiwango hicho kisikae tena miaka mingi bila kuguswa huku shilingi ikipungua nguvu.

Pili, benki au kampuni ikibebwa na kodi, Hazina ichukue hisa. NMB imetuonyesha kwamba mlipa kodi anaweza kuwa mwekezaji badala ya kuwa mfadhili.

Tatu, majina yatangazwe. Kama kaya ya TASAF inasomwa jina mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya ruzuku ya maelfu, kampuni iliyofidiwa mabilioni haina sababu ya kusitiriwa.

Nne, fedha ya nafuu inayokusudiwa mkulima mdogo ipewe mlango unaomfaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati za hakimiliki za kimila, zikiwemo za familia na za pamoja; zikitolewa kwa kuheshimu utaratibu wa ukoo, zinaweza kufungua mlango. Lakini kwa Uluguru, chama cha msingi na SACCOS imara huenda vikafika haraka zaidi kuliko hati, kwa sababu dhamana yake ni mavuno na majirani, vitu ambavyo mkulima wa Mgeta anavyo tayari.

Kwa sasa, hakikisha mahali unapoweka akiba pana leseni ya Benki Kuu na panalindwa na bima ya amana. Kama akiba yako imezidi milioni 7.5, fikiria kuigawa benki mbili. Na mkutano wa kijiji au mtaa ukiitishwa, omba kusomewa orodha ya vikundi vilivyopata mikopo ya halmashauri na kiasi kilichorejeshwa. Ni haki yako, na swali hilo hupungua nguvu sana likiulizwa na mtu mmoja.

Shida nyingine itakuja, iwe ya bei, ya ukame au ya benki. Itakapokuja, uamuzi wa nani abebwe utafanywa kwa siku chache, na watakaosikilizwa ni wale ambao tayari wapo mezani. Ndiyo maana mjadala huu tunaufanya sasa, wakati hakuna anayezama.